UZI: Fonti nono za kizamani zenye serifu na mikia, kabla hujaichagua iandikie kwanza neno lako mwenyewe

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu.

Huu uzi nimeuweka kichwani muda mrefu, leo nimeamua kuushusha wote. Kila nikipita sehemu wanapokaa madizaina naona swali lilelile, "wadau nipeni fonti nene ya kizamani yenye mapambo", mtu anapewa majina kumi, anapakua yote, anaweka kwenye kazi yake, kazi inatoka nzito haisomeki halafu anasema fonti mbovu. Kiukweli mara nyingi fonti haina kosa lolote. Tunachagua kwa kuangalia picha ya tangazo lake, na ile picha kaipanga mchoraji mwenyewe anayejua fika ni herufi gani alizipamba zaidi. Utakuta Q kubwa yenye mkia unaozunguka neno zima, R iliyorusha mguu mpaka nje, na ile alama ya "na" ya Kizungu (&) imekaa kama ua. Sasa niambieni, Kiswahili Q tunaitumia wapi? Hatunayo. X hatunayo. C peke yake hatuna, mpaka iambatane na h. Yaani umeipenda fonti kwa herufi ambazo hutaziandika hata siku moja.

Sisi tunaandika nini? A nyingi kuliko kitu chochote, halafu K, W, M, N, Y, Z, U, I. Hizo ndo zikutane na fonti kabla hujasema nimeipata.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane hizi fonti ni zipi. Serifu ni vile viguu vidogo vinavyokaa mwishoni mwa mistari ya herufi. Fonti nono za kizamani ni zile ambazo mstari mnene umenenepeshwa kupita kawaida mpaka tundu la ndani ya herufi linabaki kama jicho lililosinzia, huku mstari mwembamba ukiachwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Zilianza London mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kabla ya hapo herufi za kuchapia zilikuwa kimsingi za vitabu, mtu akitaka tangazo la ukutani anachukua herufi ya kitabu anaikuza. Lakini herufi ya kitabu imeundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, kitabu kiko mkononi, ana muda. Tangazo la ukutani linasomwa na mtu anayepita, pengine ana haraka, na pembeni yake kuna matangazo mengine kumi yanamwita. Ndipo waliokuwa wanasubu herufi wakaanza kuzinenepesha. Thomas Curson Hansard, aliyeandika kuhusu uchapaji mwaka 1825, alimtaja Robert Thorne kuwa ndiye aliyeleta mtindo huo. Waliozikimbilia mapema ni wauza tiketi za bahati nasibu, walitaka kupiga kelele ukutani na wakapata herufi ya kupigia kelele. Na kuna kitu huwa kinanifurahisha sana hapa, Thorne alipofariki mwaka 1820 kiwanda chake kilinunuliwa na William Thorowgood, na inasimuliwa kwamba pesa ya kukinunulia aliipata kwenye bahati nasibu hiyohiyo.

Kwa hiyo ukiweka fonti ya namna hii jua umechukua chombo cha kuita watu. Inaita, inasema neno moja mawili matatu, basi. Maelezo mengine yote yaandikwe kwa fonti tulivu. Ukiandika aya nzima kwa fonti nono msomaji anachoka mstari wa pili, kwa sababu jicho husoma kwa kutofautisha weusi na uwazi, na wewe uwazi umeumaliza.

Ndani ya hili kundi kuna koo, wengi tunazichanganya.

Kuna zile za Thorne nilizozieleza, serifu zake ni mstari mwembamba umelala tu bila kona ya mviringo, na miisho ya herufi kama a, c, f, r ina kidonge cha duara kama tone la wino. Ukiona fonti ya Bodoni iliyonenepa sana ujue uko humo.

Kuna ukoo wa Clarendon. Hiyo iliandikishwa mwaka 1845 na kiwanda kilekile cha Thorowgood wakati huo Robert Besley yuko ndani kama mshirika, sheria ya Uingereza ikawapa ulinzi wa miaka 3 tu, ulipoisha kila mtu akaiga. Clarendon serifu zake ni nene na zimeungana na mwili kwa mkunjo laini, na tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba sio kubwa. Hii ndo ninayoipenda kuliko zote na nitaeleza mbele kwa nini.

Halafu kuna wale wenye serifu zilizogawanyika kama mkia wa samaki, wanaitwa Tuscan, hao ndo watu wakiwaona wanawaza filamu za maboi wa farasi. Na karne ya 20 ikaleta wale laini waliojaa kama mto wa kulalia, Cooper Black ya Oswald Cooper, Chicago 1922, ile haina kona hata moja iliyochongoka.

Jaribio langu ni dogo tu. Chukua fonti unayoitaka, andika TAYARI kwa herufi kubwa, halafu SAWA, halafu kumbukumbu kwa herufi ndogo, halafu Mwangwi, halafu Ng'ambo. Maneno matano. Fonti ikivuka hayo imevuka. Sababu ya kila neno nitazitoa kwenye majibu maana naona huu umeshakuwa mrefu. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu kongole kwa uzi, umenigusa penyewe kabisa. Mimi nilikuwa natengeneza kava la kitabu cha mashairi nikapata fonti moja ina mikia hatari, kila herufi kubwa ina mkia wake, nikaandika jina lote la kitabu kwa herufi kubwa likawa kama kichaka. Mwandishi aliniambia haoni limeandikwa nini na kusema kweli hata mimi nilikuwa nakisia kwa vile tu najua. Sasa mikia ni ya nini kama ukiitumia inaharibu?

#3 Mleta uzi

Asante mkuu, swali zuri na wengi wamepita humo.

Mkia ni wa kuingia na kutoka. Herufi ya kwanza ya neno inaweza kufungua na mkunjo, herufi ya mwisho inaweza kumalizia na mkia, za katikati ziache zitembee wima. Herufi kubwa yenye mkia imechorwa ikijua jirani yake wa kulia ni herufi ndogo, fupi, kwa hiyo ule mkia una mahali pa kupita juu au chini. Ukimpa jirani herufi kubwa nyingine yenye mkia wake, yote miwili inagombea uwazi uleule.

Na kwa kawaida fonti nzuri haikulazimishi. Tangu OpenType (muundo wa mafaili ya fonti) ilipotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996 faili moja la fonti linaweza kubeba maumbo mengi ya herufi moja, kuna a ya kawaida, a yenye mkia, a ya kumalizia neno. Kwenye programu yako ya dizaini tafuta ile dirisha inayoonyesha maumbo yote ya fonti, bofya herufi moja moja uone ina sura ngapi. Utashangaa, kuna watu wana fonti miaka mitatu hawajui ndani yake kuna A sita.

Sasa hapa ndo Kiswahili kinaingia. Maneno yetu yanaishia na irabu, karibu yote. Mtu aliyechora mikia ya kumalizia akaweka kwenye d, k, t, y, n, kwetu haitusaidii sana kwa sababu neno letu litaisha na a, i, u, e au o. Kwa hiyo swali la kuuliza fonti yenye mikia ni moja, a ya mwisho ina mkia? Kama a haina mkia wa kumalizia hiyo fonti kwetu imekatwa nusu.

Na kuna tatizo la a kujirudia. Andika "harakati" kwa fonti nono ya ukoo wa Thorne. A tatu, kila moja na kidonge chake juu na kamkia kake chini, jicho linaacha kusoma neno linaanza kuhesabu vidonge. Kwenye maneno ya Kiingereza a inakuja mara moja moja ndo maana mchoraji akaipamba bila wasiwasi. Fonti zilizofikiriwa vizuri zina kitu cha kubadilisha umbo zenyewe herufi ikijirudia, kwenye programu utaikuta imeandikwa calt, iwashe uone. Kama haipo badilisha kwa mkono, ya kwanza na ya pili ziache tulivu, ya tatu ndo uipe mkia kama ni ya mwisho.

Kwa kava lako mkuu ningeandika herufi ya kwanza kubwa yenye mkunjo, nyingine zote ndogo, nimalizie na irabu ya mwisho basi. Na kama jina ni refu nisingeweka mkia hata mmoja.

#4 Mchangiaji

Nimekaa kwenye mashine za kuchapa miaka mingi naomba niongeze kitu ambacho madizaina wa kompyuta huwa mnakisahau, WINO. Nyie mnaona kwenye skrini mstari mwembamba umetulia mnaleta faili. Karatasi inakunywa wino. Mstari mweusi mwembamba kwenye karatasi nyeupe wino ukitambaa unanenepa kidogo, afadhali, unaonekana. Lakini mkigeuza, herufi nyeupe kwenye giza, wino unatambaa kuingia ndani ya herufi, ule mstari mwembamba unazibwa unapotea. Na kama lile giza mmelitengeneza kwa wino wa rangi nne ndo mmetuua kabisa maana rangi nne zote zinatakiwa ziache uwazi uleule wa mstari kama unywele, moja ikisogea kidogo tu mstari umekwisha au unabaki na ukingo wa rangi. Halafu lawama zinakuja kwa fundi wa mashine.

#5 Mleta uzi

Fundi umesema neno ambalo mimi nililipia.

Kuna kazi nilifanya, kava jeusi, jina limekaa katikati jeupe kwa fonti nono yenye mistari myembamba sana, kwenye skrini ilikuwa inang'aa nikajisifu moyoni. Ilipotoka kwenye mashine herufi N zimebaki mshazari peke yake, zile nguzo mbili za pembeni hazipo. U imebaki nguzo ya kushoto. A imebaki mguu wa kulia. Ukitazama unaona vipande vya weupe vimelala lala hakuna neno. Nakala zilikuwa zimeshatoka zote na mteja hakuzipokea. Sikulala vizuri siku kadhaa. Waliochapa hawakukosea kitu, walichapa nilichowapa.

Tangu siku hiyo nina kanuni yangu, kabla sijageuza herufi kuwa nyeupe kwenye giza napima mstari mwembamba kuliko yote kwenye saizi ile ile itakayochapwa, ukiwa chini ya nusu pointi (kipimo cha wachapaji) siendelei. Ama naikuza ama naongeza ukingo mwembamba wa rangi ileile kuzunguka herufi ama nahamia Clarendon. Na lile giza nalifanya kwa wino mweusi peke yake kama kazi inaruhusu.

Na hapa ndo nasema kwa nini naipenda Clarendon. Mstari wake mwembamba sio mwembamba kihivyo. Inavumilia. Unaweza kuigeuza, kuipunguza, kuichapa kwenye karatasi mbaya yenye nyuzi nyuzi, kuigonga kama muhuri, bado inasomeka. Ina uzito wa kizamani bila udhaifu wa kizamani.

Ndugu zangu kumbukeni pia kwamba hizi herufi kubwa kubwa za matangazo hazikukaa kwenye chuma muda mrefu. Herufi ya risasi ikiwa kubwa sana ni nzito, ghali, na ikipoa uso wake unabonyea katikati kwa hiyo haichapi sawasawa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akatengeneza mashine ya kukata herufi kwenye mbao kwa wingi, mwaka uliofuata akatoa katalogi ya kwanza. Walikata kwenye uso wa ncha ya gogo la mepo, pale nyuzi za mti zinasimama wima, kwa sababu hapo mbao ni ngumu na inachongeka pande zote bila kupasuka. Halafu mwaka 1834 William Leavenworth akaiunganisha na pantografu, ule mkono unaofuatisha mchoro mmoja na kuutoa kwa saizi nyingine. Hapo mapambo yakafunguka. Mchoro mmoja unaweza kuubana, kuutanua, kuurefusha, kuchonga tundu katikati. Zile fonti zilizobanwa mpaka zimekuwa kama uzio, na zile zilizotanuka neno moja linajaza upana wote wa tangazo, zimetokana na haja ya kweli, mchapaji ana neno fupi na neno refu na yote anataka yafike ukingo hadi ukingo.

#6 Mchangiaji

Sawa historia nzuri lakini mi naona mnapoteza muda. Kazi nyingi siku hizi zinaangaliwa kwenye simu. Weka fonti safi isiyo na serifu mtu asome aendelee. Haya mapambo kwenye kioo kidogo ni uchafu tu.

#7 Mleta uzi

Mkuu nusu ya unachosema nakubali na nusu nakataa.

Nakubali kwamba ukoo wa Thorne kwenye simu unateseka, na sababu ni ileile ya fundi ila imebadilika sura. Mstari ukiwa mwembamba kuliko pikseli moja skrini haiwezi kuuchora mweusi, inauchora kijivu hafifu, kwa hiyo herufi inapauka upande mmoja na kuwa nyeusi tii upande wa pili, neno linaonekana limekatika katika. Hapo tatizo ni saizi. Zamani kila saizi ya herufi ilichongwa peke yake, fundi akichonga ndogo anaacha mistari myembamba iwe minene kidogo na matundu yawe wazi zaidi, akichonga kubwa anaibana. Linn Boyd Benton wa Marekani alipotengeneza mashine yake ya kuchongea mwaka 1885 ikawezekana mchoro mmoja utoe saizi zote, na kompyuta ikamalizia, sisi tunavuta kona ya boksi tu herufi inakua na kusinyaa. Fonti iliyoandikwa kwenye jina lake Display imechorwa kwa saizi kubwa tu, ukiipeleka kwenye maandishi madogo umeitoa mahali pake.

Ninapokataa ni hapo unaposema mapambo ni uchafu. Kwenye kioo kidogo ndo unahitaji neno moja lenye sura. Fonti zote safi zisizo na serifu zinafanana, mtu akipitisha kidole haoni tofauti kati ya kazi yako na ya jirani. Weka neno moja nono, kubwa, lijaze upana wa kioo, chini yake maandishi tulivu. Tumia ukoo wenye tofauti ndogo ya unene, Clarendon au ule laini wa Cooper, hakuna kitakachopotea. Nimefanya hivyo mara nyingi na inasomeka vizuri tu.

#8 Mchangiaji

Jamani samahani kaka mleta uzi, mimi nipo kwenye kutengeneza lebo. Nimeona fonti zenye rangi mbili ndani ya herufi, kuna kivuli pembeni na mstari unaopita katikati, hizo zinafanywaje? Nikijaribu mwenyewe kivuli kinajitenga na herufi.

#9 Mleta uzi

Dada karibu sana. Hizo zinajengwa kwa leya, yaani tabaka moja juu ya jingine, na sio jambo lililoanza na kompyuta. William Page wa Connecticut mwaka 1874 alitoa kitabu kizima cha sampuli za herufi za mbao za kuchapwa kwa rangi mbili tatu, mbao moja inabeba mwili wa herufi, nyingine inabeba ukingo au maua ya ndani. Unachapa ya kwanza, wino ukikauka unarudisha karatasi unachapa ya pili juu yake, na pale zinapopandana rangi mbili zinazaa ya tatu bila kuongeza mbao. Ile fonti ya Adobe inayoitwa Rosewood, ya mwaka 1994, imetoka kwenye kazi za Page na ndo maana inakuja na faili mbili, moja ya mapambo moja ya kujaza.

Namna ya kufanya ni hivi. Andika neno lako kwa leya ya kujaza, maliza kabisa kusogeza nafasi kati ya herufi, halafu NAKILI lile boksi zima uliweke palepale juu yake na ubadilishe fonti tu kuwa ya mapambo. Usiandike upya, usisogeze nafasi tena upande mmoja. Wengi wanakosea hapo, wanarekebisha leya moja wanasahau nyingine ndo unaona kivuli kimejitenga. Na kama inaenda kuchapwa, rangi ya chini iache iingie kidogo chini ya ukingo wa juu, karatasi ikisogea kidogo isionekane nyufa nyeupe.

Kivuli chagua upande mmoja ukae nao. Nimeona lebo jina lina kivuli cha kulia na neno la chini lina kivuli cha kushoto, jicho linasumbuka bila kujua kwa nini.

#10 Mchangiaji

Mkuu hujatueleza TAYARI na SAWA zina nini. Na utaje basi za bure tuanze nazo.

#11 Mleta uzi

Kweli nilikuwa nimesahau.

TAYARI ni kwa ajili ya nafasi kati ya herufi. T ina uwazi chini ya mabega yake, A ina uwazi juu ya mabega, Y nayo imefunguka juu, zikifuatana T-A-Y-A kila moja imeegemea upande wake, inabaki mianya ya pembetatu. Halafu inakuja R na I zilizosimama wima zinakaa karibu karibu. Fonti isiyopangwa vizuri utaona TAYA imetawanyika na RI imebanana, kama maneno mawili. SAWA vilevile, A-W-A. Na lugha yetu imejaa hizi, wa, ya, awa, aya, kila sentensi. Fonti nono zinaonyesha kosa hili zaidi kwa sababu weusi ni mwingi, mwanya mdogo unaonekana kama pengo la jino. Mchoraji mzuri amerekebisha jozi hizi mapema, kama hakurekebisha utazisogeza kwa mkono, na ukisogeza geuza neno kichwa chini uliangalie, jicho likiacha kusoma linaona mianya.

Kumbukumbu ni kwa ajili ya m na u na b, nguzo nene zimepangana, kama matundu ya ndani ni madogo neno linakuwa ukuta mweusi. Mwangwi ni kwa M na w, herufi pana kuliko zote, fonti mbovu huzibana ili zitoshe kwenye upana wa nyingine.

Za bure, mimi ningeanza na Abril Fatface ya TypeTogether, huo ni ukoo wa Thorne uliochorwa kwa adabu, herufi ndogo zake zimetulia. Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen kwenye uzito wake wa mwisho kabisa, Black, ina unono wa kutosha kwa vichwa vya habari na ina ndugu zake wembamba kwa hiyo huhitaji kutafuta fonti ya pili mbali. Ukitaka ile ya serifu zilizogawanyika kuna Rye, lakini Rye ina sauti yake kali, iwekee neno moja. Zote tatu zipo Google Fonts kwa leseni huria, unaweza kuzitumia kwenye kazi ya kulipwa.

Ila zile za kwenye mitandao ya kupakua pakua zilizoandikwa ni za matumizi binafsi, soma faili la leseni lililomo kwenye folda kabla ya kumpa mteja. Na nyingi ni vipande, zimepunguzwa makusudi, utakuta hakuna tarakimu, hakuna alama za uandishi, unagundua kazi iko nusu.

#12 Mchangiaji

Nimerudi, mimi yule wa kava la mashairi. Nimejaribu maneno yako matano kwenye fonti nane nilizokuwa nazo. Tano zimekufa kwenye TAYARI. Moja imekufa kwenye kumbukumbu. Zimebaki mbili na zote zimenikwamia kwenye Ng'ambo. Ya kwanza ile alama ya juu haipo kabisa imeniletea boksi tupu. Ya pili ipo lakini imekaa kama kijiti kimechomekwa na pameacha shimo kati ya g na a.

#13 Mleta uzi

Hahaa hapo ndo nilipotaka ufike mkuu. Ng'ambo nimeiweka mwisho kwa sababu ndo inayoua nyingi.

Kwenye kibodi tunapiga kile kijiti kilichonyooka, alama ya mashine ya taipu. Kwenye fonti nono yenye mapambo kijiti kile mchoraji mara nyingi hakukijali, kakiweka tu kiwepo. Alama aliyoichora kwa moyo ni ile iliyopinda, ina kidonge na kamkia, namba yake ni U+2019. Programu nyingi za kuandikia zinabadilisha zenyewe lakini sio zote, hasa kwenye kurasa za intaneti, kinabaki kijiti. Kwa hiyo iingize mwenyewe, nakili ile iliyopinda uibandike. Hakikisha inaangalia upande sahihi, umbo kama 9 sio kama 6.

Shimo linatokea kwa sababu mchoraji aliitegemea ile alama ikae kabla ya s au t za Kiingereza, hakufikiria itakaa kati ya g na irabu. Weka kishale cha kuandikia kati ya alama na irabu, punguza nafasi, vuta irabu irudi nyuma mpaka kichwa chake kiingie chini ya kile kidonge. Kwa herufi ndogo inawezekana kabisa maana a ni fupi, alama iko juu, uwazi upo. Kwa herufi kubwa NG'AMBO ni rahisi zaidi, A ina mteremko, alama inaingia kwenye bega lake inatulia.

Ile ya boksi tupu achana nayo, haikuchorwa kwa ajili yetu.

#14 Mchangiaji

Nimebandika iliyopinda nikavuta a mpaka ikaingia chini. Dah. Jina la kitabu lina ng' mbili kwa kweli ndo maana nilikuwa nahangaika bila kujua shida iko wapi. Herufi ya kwanza nimeipa mkunjo, irabu ya mwisho nimeipa mkia, katikati nimeacha wima kama ulivyosema. Mwandishi amelisoma bila kuuliza.

#15 Mleta uzi

Safi sana. Kabla hujapeleka kuchapa pima mstari mwembamba kwenye saizi yake halisi, na kama kava lako ni la giza rudi usome alichoandika fundi kwenye #4.